Ukilipwa kumsemea mtu, unasema kwa jina la nani?

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, alinisubiri nje ya msikiti kijana mmoja niliyemfundisha Maarifa ya Uislamu alipokuwa kidato cha tatu na cha nne. Mkononi alikuwa na barua ya ajira. Kijana huyu alimaliza chuo kikuu miaka miwili iliyopita akiwa na shahada ya uhusiano wa umma, na kwa miaka yote hiyo miwili amekuwa akisajili laini za simu chini ya mwavuli, pale kituo cha daladala. Baba yake ameshatangulia mbele ya haki na mama yake anaumwa kisukari. Sasa amepata kazi katika kampuni moja ya uhusiano wa umma, mshahara mzuri, na bima ya afya ambayo kampuni imekubali kumwingiza na mama.

"Ustadhi," akaniambia, "nataka uniambie kama kazi hii ni halali."

Nikamuuliza kazi yenyewe ikoje. Akanieleza kuwa kwenye usaili walimpa mfano wa kazi atakayoanza nayo. Mteja mmoja wa kampuni ana mgogoro wa eneo na wakazi wa mtaa fulani, na wakazi wameshakwenda kwenye vyombo vya habari. Yeye atatakiwa kuandika barua za wasomaji magazetini na maoni mitandaoni, kila moja kwa jina tofauti na kwa lugha tofauti, ionekane kwamba wapo wananchi wengi wanaomuunga mkono mteja. Pia atakuwa anaandaa mikutano na waandishi wa habari, "pamoja na yale mambo ya nauli zao."

Nilimjibu papo hapo, tena kwa ukali: hiyo ni kazi ya uongo, achana nayo, Allah (sw) atakupa nyingine. Akainamisha kichwa, akashukuru, akaondoka.

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala vizuri. Mimi ninayetoa jibu hilo nina mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, na mama yangu haumwi. Zaidi ya hapo, nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuifanya kazi ileile, tena bila kulipwa hata shilingi moja.

Ilikuwa katika shule ya Kiislamu ambayo sitaitaja, miaka yangu ya mwanzo ya ualimu. Kamati ilitaka wanafunzi waongezeke. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, wote waliofanya mtihani kwa namba ya shule yetu walikuwa wamefaulu, nami kwa kuwa ndiye nilionekana najua kuandika, nikapewa kazi ya kuandika makala ya gazeti. Nikaandika kuwa shule imefaulisha wanafunzi wake wote. Kila neno ukilipima peke yake lilikuwa kweli. Kilichokosekana ni kwamba wanafunzi 11 waliokuwa wazito darasani tuliwaondoa kabla ya usajili, tukawaandikisha kama watahiniwa wa kujitegemea katika kituo kingine. Wiki moja baadaye alikuja mzazi mmoja na gazeti amelikunja kwapani. Binti yake alikuwa miongoni mwa wale 11. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwalimu, hivi mwanangu hakuwa mwanafunzi wenu?"

Basi nikasema, huyu kijana anastahili jibu lililofikiriwa. Kwamba katika kazi hii umo uongo, hilo linajulikana. Uongo umo hata sokoni, na hakuna aliyewahi kusema biashara ni haramu kwa sababu hiyo. Tunachotakiwa kukijua ni mpaka: mtu anayelipwa kumsemea mwenziwe, wapi asimame?

Mshenga na mpiga debe

Kazi yenyewe kwetu si ngeni. Kabla ya kuwepo kampuni zenye ofisi za viyoyozi, tulikuwa na mshenga. Mshenga hutumwa na upande wa mume, na hufika kwa watu akiwa amevaa vizuri na maneno yake ameyapanga. Atamsifu kijana kuwa ni mchapakazi, anaswali, anatoka katika ukoo wenye heshima. Hakuna anayemlaumu kwa kusifu. Kila aliyekaa mkekani anajua huyu ametumwa na nani, na wazee wa upande wa mke watayachuja maneno yake kwa kujua hivyo, kisha watakwenda kuulizia kwingine.

Upande wa pili tunaye mpiga debe. Aliyewahi kusafiri kutoka stendi ya Ubungo ya zamani anawafahamu. Kupiga kelele kwamba basi linaondoka sasa hivi, hilo tulishalizoea, na msafiri mzoefu halibabaiki nalo. Kilichowanasa watu ni ule mchezo mwingine. Vijana sita au saba walikaa kwenye viti kama abiria, mmoja na mfuko mapajani, mwingine anasinzia dirishani. Wewe ukichungulia unaona basi limekaribia kujaa, unalipa nauli, unakaa. Baada ya dakika kumi unamwona yule wa dirishani anashuka, na mwingine naye anashuka, na unabaki peke yako na basi tupu.

Hebu tujiulize, ni nani kati ya hawa wawili amesema uongo mkubwa zaidi? Wale vijana wa kwenye viti hawakufungua kinywa. Hawakusema hata neno moja la uongo. Walichofanya ni kuficha kwamba wao ni watu wa basi, na kule kuficha ndiko kulikomfanya msafiri atoe pesa yake. Na barua za wasomaji alizotakiwa kuziandika mwanafunzi wangu, kwa majina ya watu wasiokuwepo, ni viti hivyohivyo.

Kwa hiyo naona jambo la kwanza la kuangalia ni kama msikilizaji anamjua anayesema naye, hata kabla ya kuangalia maneno yamerembwa kiasi gani. Kujisafishia jina kwenyewe hakuna ubaya. Mtume (saw) alipokuwa akimsindikiza mkewe Bibi Safiyya usiku kutoka itikafu, wakapita Answari wawili wakaharakisha mwendo, aliwasimamisha akawajulisha kuwa huyo ni Safiyya, kwa kuchelea shetani asije akawatia dhana mbaya nyoyoni mwao. Nabii Yusuf (as) alipoitwa na mfalme hakukubali kutoka gerezani mpaka kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono (12:50). Jina la mtu lina thamani, na kulitetea kwa ukweli ni haki yake. Na kama ni haki yake, basi anaweza kumpa mwingine aisimamie kwa niaba yake, na huyo mwingine akachukua ujira wake.

Lakini mfano ulio kamili zaidi ni ule wa Habasha. Katika mwaka wa tano wa Utume, Waislamu walipokimbilia kwa Najashi, Makureshi walituma wajumbe wawili, Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia. Walikwenda na zawadi za ngozi, ambazo ndizo Najashi alizipenda kutoka Makka. Wapokezi wanaeleza jambo ambalo leo mtu wa uhusiano wa umma atalitambua mara moja: kabla ya kumwona mfalme, walimpitia kila kiongozi wa dini aliyekuwa karibu naye, wakampa zawadi yake, wakamwomba amshauri mfalme awarudishe wakimbizi hao bila kuwasikiliza. Angalia walichokuwa wananunua. Zawadi zilitolewa ili upande wa pili usisikilizwe. Najashi akakataa, akasema hatawatoa mpaka awasikie.

Akasimama Jaafar bin Abi Talib, naye pia alikuwa msemaji, tena hodari. Alieleza hali yao wakati wa ujahili, akaeleza Mtume (saw) amewaletea nini, na alipoombwa asome kitu, alisoma mwanzo wa Surat Maryam mbele ya mfalme Mkristo. Hakuchagua sura nyingine. Kwa hiyo kuchagua uanze na lipi, mbele ya nani, si dhambi, ni hekima. Ila siku ya pili Amr alirudi na swali la kumkomesha: waulize wanasema nini juu ya Isa. Hapo Waislamu wakashauriana, na wakakubaliana kusema kile alichokuja nacho Mtume wao, liwalo na liwe. Jaafar akasema Isa ni mja wa Allah na Mtume wake. Angeweza kulizunguka swali hilo, maisha ya watu wote wale yakiwa mashakani. Hakulizunguka, kwa sababu hukumu ya mfalme ilikuwa inasimama juu ya jibu hilo.

Nimekaa na kisa hiki sana mwezi huu. Mizani niliyoipata ndani yake ni kuwa unaruhusiwa kuchagua pa kuanzia, lakini ukiulizwa jambo ambalo uamuzi wa msikilizaji unalitegemea, huruhusiwi kulificha. Wala hupaswi kumlipa mtu ili swali hilo lisiulizwe.

Binti wa Balozi

Pengine msomaji ataona haya ni mambo madogo, barua za wasomaji na nauli za waandishi. Basi tutazame yakikua yanafika wapi.

Agosti 2, 1990 Iraq iliivamia Kuwait. Uvamizi ule ulikuwa dhulma na watu wa Kuwait waliteswa na kuuawa, hilo halina ubishi. Huko Marekani kikaundwa kikundi kilichojiita Raia kwa ajili ya Kuwait Huru, ambacho fedha zake karibu zote zilitoka kwa serikali ya Kuwait, nacho kikaiajiri kampuni ya uhusiano wa umma ya Hill & Knowlton kwa malipo yaliyozidi dola milioni 10. Oktoba 10 mwaka huo, binti wa miaka 15 aliletwa mbele ya kundi la wabunge wa Marekani wanaoshughulikia haki za binadamu. Alitajwa kwa jina la Nayirah tu, ikaelezwa kuwa ukoo wake unafichwa kwa usalama wa ndugu zake. Huku akilia, alisema aliona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kutunzia watoto njiti na kuwaacha sakafuni wafe.

Habari ile ikaenea dunia nzima. Rais George Bush, yule baba, aliirudia mara nyingi. Wapo maseneta walioitaja walipojadili vita, na Januari 12, 1991 Seneti ikaidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47. Vita ikapiganwa, ikaisha. Ndipo Januari 1992 mwandishi John MacArthur akafichua katika gazeti la New York Times kwamba binti yule alikuwa mtoto wa Saud Nasir al-Sabah, Balozi wa Kuwait mjini Washington. Wachunguzi waliofika hospitali za Kuwait baada ya vita hawakupata ushahidi wa kuthibitisha habari hiyo ya mashine, na Amnesty International, lililokuwa limeikubali mwanzoni, likaikana.

Mimi sisemi binti wa balozi hana haki ya kusema. Angeletwa akatambulishwa kuwa huyu ni mtoto wa balozi, kikundi kilichomleta kinalipiwa na serikali yake, na waliomwandaa ni kampuni fulani, wabunge wangeyapima maneno yake kama wazee wanavyoyapima ya mshenga. Ilifichwa nasaba tu, na ikatosha. Na dhulma nyingine imo humu ambayo watu hawaisemi: waliouawa Kuwait kwa kweli walikuwepo. Habari ya mashine ilipoanguka, ikawapa watu sababu ya kuwatilia shaka hata hao.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa na historia. Desemba 1953 wakuu wa kampuni za sigara za Marekani walikutana katika hoteli ya Plaza, New York, baada ya utafiti kuonyesha kuwa lami ya sigara inasababisha saratani kwa panya, na wakamkabidhi mwenye kampuni hiyo, John Hill, kazi ya kuwasemea. Januari 4, 1954 likatoka tangazo katika magazeti zaidi ya 400, likiahidi kuwa afya ya wavutaji ni jukumu lao la kwanza, na likatangaza kuundwa kamati ya utafiti. Kwa miongo iliyofuata kamati hiyo ilikuwa inazalisha shaka huku watu wanaendelea kuvuta. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Marekani alihukumu kuwa kampuni hizo zilikuwa zimewalaghai wananchi kwa miaka mingi. Baadhi ya wavutaji walioiamini ile kamati walikuwa wameshazikwa zamani.

Karibu na kwetu kuna Afrika Kusini. Kampuni ya London, Bell Pottinger, ililipwa pauni 100,000 kwa mwezi na kampuni ya familia ya Gupta, iliyokuwa inatuhumiwa kwa kuishika serikali ya Rais Zuma mfukoni. Kazi ikafanywa ya kuchochea hasira za rangi ili macho ya watu yahamie kwingine, na akaunti za bandia mitandaoni zikasaidia kuieneza. Ilipofichuka, chama cha kampuni za uhusiano wa umma cha Uingereza kikaifukuza Septemba 2017, na kabla mwezi huo haujaisha kampuni ikawa imefilisika. Hapa tena ni vijana wa kwenye viti vya basi, isipokuwa basi lenyewe ni nchi nzima yenye majeraha ya ubaguzi.

Wakili wao ni nani?

Yule kijana nilipomrudia, maana nilimtafuta baada ya siku nne nikamwomba radhi kwa ukali wangu, alinitolea hoja ambayo naamini wengi wanaofanya kazi hizi wanajifariji nayo. Alisema, "Lakini Ustadhi, mimi si nitakuwa nimetumwa tu? Mwenye mgogoro ni mteja. Mimi ni kalamu yake."

Nikamsomea kisa cha Bani Ubayriq. Wafasiri wanaeleza kuwa katika mji wa Madina mzee mmoja, Rifaa bin Zayd, aliibiwa usiku unga na silaha zake. Dalili zikaelekea kwenye nyumba ya Bani Ubayriq, nao wakajaribu kulisukuma kosa kwa mtu mwema asiyehusika. Qatada bin Nuuman, mtoto wa ndugu wa Rifaa, akaipeleka kesi kwa Mtume (saw). Jamaa wa wale watuhumiwa wakakusanyika, wakampata mmoja wao wa kuwasemea, wakaenda kumlalamikia Qatada kuwa anawazulia wizi watu wema bila ushahidi. Maneno yalipangwa vizuri kiasi kwamba Qatada, mwenye haki, ndiye aliyekaripiwa, mpaka akatamani angepoteza mali yake kuliko kulisema jambo lile.

Ndipo ziliposhuka aya za Surat Nisaa kuanzia ya 105, kumkataza Mtume kuwa mtetezi wa wahaini. Na wale jamaa, ambao wao hawakuiba chochote, wakaambiwa katika aya ya 109 kwa maana hii: haya, nyinyi mmewatetea hapa duniani, basi nani atawatetea kwa Allah Siku ya Kiyama, au nani atakuwa wakili wao? Neno lililotumika katika aya ni hilohilo wakili. Sisi Waswahili tumelichukua neno hilo kwa mwanasheria, na ndugu yake, wakala, tumempa anayefanya biashara kwa niaba ya mwingine, pamoja na kijana anayesajili laini za simu. Kijana akatabasamu niliposema hivyo. Lakini alilipata kusudio langu: katika aya zile hakuna sehemu iliyobaki ya mtu kusema mimi nilikuwa kalamu tu.

Kwa anayeingia, na kwa anayeajiri

Sasa tuzungumze mambo ya kutendeka, kwa kuwa sikumwambia asiichukue kazi. Safari hii nilimwambia aende akaulize kabla ya kutia saini.

Aulize kwanza wateja ni nani, na kama mfanyakazi anaweza kuomba asipangiwe mteja fulani. Zipo kampuni zinazoruhusu, na mtu asiyeuliza hawezi kujua. Kisha aseme wazi kuwa yuko tayari kumwandikia mteja yule wa mgogoro wa ardhi, kwa sharti kwamba kila karatasi itoke kwa jina la mteja au la kampuni. Taarifa kwa vyombo vya habari yenye nembo juu na jina na simu ya msemaji chini ni kazi ya mshenga. Barua ya "Msomaji, Tabata" ambaye hayupo si kazi ya mtu anayeogopa kuulizwa.

Ahakikishe anachoambiwa. Mmarekani Ivy Lee, anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa fani hii, mwaka 1906 alitoa tamko zuri kabisa kwa wahariri, kwamba kazi yake itafanywa waziwazi na habari zake zitakuwa sahihi. Mwaka 1914 akaajiriwa na akina Rockefeller baada ya wachimbaji waliogoma huko Ludlow, Colorado, kushambuliwa kambini mwao, wanawake wawili na watoto 11 wakafia katika shimo walilojificha. Akatoa vijarida vya kuitetea kampuni vyenye mambo yasiyo ya kweli, na alipohojiwa na tume alikiri kuwa hakufanya juhudi yoyote ya kuyahakiki aliyopewa na kampuni. Mtu aliyeandika kanuni kwa mkono wake! Na sisi tunayo Surat Hujuraat aya ya 6, ya kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Juu ya bahasha za waandishi, nijuavyo hili ndilo litakalomsumbua zaidi, kwa sababu kila mtu ameshalizoea na wanaolipokea wengine ni watu wazuri wenye mishahara isiyofika. Nilimshauri kampuni ipeleke gari la kuwachukua na kuwarudisha, na chakula cha mchana kiliwe palepale mbele ya wote. Pesa taslimu mkononi mwa mwandishi, siku anayotakiwa kuamua aandike nini, ni zile ngozi za Amr bin al-As. Maadili ya waandishi wenyewe yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania hayaruhusu mwandishi kupokea rushwa, kwa hiyo atakayekataa kutoa hamdhulumu mtu.

Siri za mteja ni amana, azitunze. Si kila kweli lazima isemwe, na kunyamaza si kusema uongo. Ila siri ikiwa ni hatari inayowafikia watu, kama maji yenye sumu au ardhi ambayo hati yake imeghushiwa, hiyo haiwi amana ya mtu mmoja. Na maagizo yote ayaombe kwa maandishi. Bosi anayekuagiza kwa mdomo jambo ambalo hataki kuliandika ameshakujibu swali lako la halali na haramu.

Na sisi tunaoajiri kampuni hizi, maana siku hizi hata shule zetu, hospitali na taasisi za dini zinaziajiri, lawama isibaki kwa vijana. Mtume (saw) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kumeloa. Muuzaji akasema ni mvua. Akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyoloa juu watu waione, na akatoa onyo kali juu ya anayefanya ghushi. Taasisi inayoita kampuni ya uhusiano wa umma huku imeficha iliyoloa inamtia mtoto wa watu dhambini bila yeye kujua. Mwambie wakala wako habari yote, mbaya kwanza. Andika katika mkataba kuwa hakitatoka kitu kabla hujakisoma, na kuwa hakitatumika jina la kuazima. Mlipe kwa kazi aliyofanya, si kwa idadi ya habari nzuri zilizotoka magazetini, kwa sababu ukimlipa kwa idadi umemwagiza akatoe bahasha, usije ukasema hukujua. Na kama tatizo lako ni kwamba walimu hawafundishi au wagonjwa hawahudumiwi, pesa hiyo kaitumie huko.

Ningekuwa na akili hii wakati ule, makala yangu ya matokeo ingekuwa na sentensi moja zaidi juu ya wale 11. Huenda wanafunzi wasingeongezeka. Yule mzazi nilimwona tena mwaka jana kwenye harusi, tukasalimiana vizuri, na binti yake sasa ana duka la vifaa vya umeme. Sikuweza kulirudia lile jambo mbele ya watu.

Kijana wangu alikwenda kuuliza. Anasema meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akamwambia kuwa barua za majina ya kuazima ni sehemu ndogo tu ya kazi, wangezungumza Jumatatu. Jumatatu ile imepita na nyingine imepita. Barua ya ajira bado anayo, haijatiwa saini na haijarudishwa, na asubuhi bado yuko chini ya mwavuli. Ijumaa iliyopita mama yake alinisimamisha mlango wa msikiti, upande wanakotokea akina mama.

"Ustadhi," akaniuliza, "ni wewe uliyemwambia mwanangu akaulize?"

Nikamwambia ndiyo, mama, ni mimi.